Jumanne Zetu za Kapkatet

Mimi huimba na kupiga gitaa, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nalisema mapema kwa sababu huku kwetu, viungani mwa mji wa Kericho, ukimwambia mtu kwamba wewe ni mwanamuziki atatikisa kichwa kwa heshima, kisha aulize, "Na kazi unafanya wapi?" Kazi naifanya kwenye harusi, kwenye harambee za kanisa, kwenye siku za wazazi mashuleni, na Jumapili mchana kwenye mkahawa mmoja wa nyama choma ambako watu hula polepole na hawajali kama nimerudia wimbo. Siku ambazo simu haijalia hutunga nyimbo zangu mwenyewe na kuzirekodi chumbani, godoro nikiliegemeza ukutani ili sauti isirudi. Sina meneja. Bendi yangu ni mtu mmoja, mpiga kinanda kutoka Londiani, mkulima wa viazi wa rika langu mwenye gari kuukuu ambalo spika zetu hulala ndani yake pamoja na magunia. Tukifika mahali na kufungua mlango wa nyuma, udongo humwagika kwanza, muziki baadaye.

Nilizaliwa kwenye shamba kubwa la chai. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma, wakapewa nyumba kwenye laini za wafanyakazi, na pale laini kila mlango ulikuwa na lugha yake. Sisi watoto tulicheza kwa Kiswahili, tukatukanana kwa Kiswahili, tukapatanishwa kwa Kiswahili. Kikisii nilikisikia mama akikasirika. Gitaa nilifundishwa na karani aliyepima majani, mtu mpole aliyeimba kwaya, na ambaye mizani ikishanyamaza jioni alikuwa hana la kufanya. Lakini Kipsigis, lugha ya wenyeji wa nchi hii ninayoiita kwetu, nilijua ile ya dukani tu: kusalimu, kushukuru, kuuliza bei na kuaga.

Hilo halikunizuia kuimba kwa Kipsigis. Mwanamuziki wa huku asipoimba kwa Kipsigis, ataimbia nani? Nilizishika nyimbo kwa sikio, kama kasuku, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyelalamika. Watu kwenye sherehe husikiliza kwa miguu zaidi ya masikio. Basi nikajiona nimeiva, na siku moja nikathubutu kutunga beti zangu mwenyewe.

Ilikuwa Kapkatet, Jumamosi, kwenye koito, ile siku ambayo jamaa za kijana na jamaa za msichana hukaa pamoja kukubaliana juu ya ndoa. Shangazi wa bibi arusi mtarajiwa alikuwa ameona video yangu mtandaoni akanipigia. Tulifika asubuhi na mapema, tukafunga spika kando ya hema, chini kidogo ya shamba la chai la familia. Wazee walikuwa wamevikwa shingoni ule mmea wao wa baraka, sinendet, na vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya mgando, vilikuwa vimepangwa juu ya meza kama wageni wa heshima. Kila kitu kilikwenda sawa. Mazungumzo yalipoisha na pande zote mbili zikatoka ndani zikitabasamu, tukapewa ishara.

Nilikuwa nimeutunga ule wimbo kwa wiki mbili. Kiitikio chake kilisema kwamba leo ni siku njema, siku ya koito, na neno hilo la mwisho nilikuwa nimelipatia noti ndefu ya juu ili lipae. Likapaa. Nilipolishusha nikaona mama mmoja amejifunika uso kwa leso. Nikadhani ni machozi ya furaha. Nikalipandisha tena kwa nguvu zaidi. Hapo hema zima likaangua kicheko. Wazee waliokuwa wamekaa wima tangu asubuhi walikuwa wameinama wakishika mbavu.

Mwenzangu wa kinanda akaniinamia bila kuacha kupiga. "Sista, umesema nini?"

"Sijui. Endelea."

Nikaliimba mara ya tatu, maana wimbo ndivyo ulivyopangwa. Mshereheshaji akachukua maiki, akangoja kelele zipungue, akasema kwa Kiswahili ili na sisi tuelewe: "Ndugu zetu wa upande wa bwana arusi, mmesikia wenyewe. Mahari yetu ni mawe."

Nilikuwa nimesema koita. Jiwe. Leo ni siku njema, siku ya jiwe. Herufi moja tu mwishoni, na noti ndefu niliyoipenda ndiyo iliyoifanya isikike mpaka barabarani.

Nilicheka pia, kwa sababu ukiwa na gitaa mbele ya watu huna pa kujificha. Tukaingia wimbo mwingine, watu wakacheza, na hakuna aliyenikasirikia. Lakini wakati wa chakula, nikiwa na sahani yangu nyuma ya gari, msichana mwenye sherehe yake alikuja kuniita. "Kogo anakutaka," akasema. Kogo ni nyanya.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko la nje, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu, kofia ya sufu kichwani na koti la mvua juu ya gauni zuri. Baadaye nilijua kwamba alifundisha kwaya ya akina mama kanisani kwa miaka mingi mpaka magoti yalipomkatalia kusimama, na kwamba hakuna mwimbaji wa eneo lile ambaye hakuwahi kukemewa naye.

"Kaa," akasema. Nikakaa juu ya gogo. "Sema lile neno."

Nikalisema.

"Hapana. Tena."

Nikalisema tena. Akatazama midomo yangu kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isije ikafurika.

"Sasa umesema. Lakini umesema na mdomo. Sikio yako haijasikia. Wewe ni wa wapi?"

"Nimezaliwa hapa hapa Kericho, kogo. Kwetu ni Kisii."

"Sauti iko," akasema, akiwatazama kuku na si mimi. "Sauti iko mzuri sana. Lakini unaimba lugha ya watu kama mtu amevaa kiatu ya jirani." Akamfukuza kuku mmoja kwa mkono. "Kuja Jumanne. Jumanne sina kazi. Na ulete hiyo kitaa yako."

Kwa sekunde moja sikumwelewa, kwa sababu kitaa ni mtaa, na nilishangaa nitauletaje mtaa mzima Kapkatet. Kisha nikaelewa kwamba alisema gitaa. Nilitaka kucheka lakini nilikumbuka mambo ya jiwe nikanyamaza.

Mama yangu, ambaye ninaishi naye tangu alipostaafu kuchuma chai, hakuipenda habari hiyo. Alikuwa akipanga sukuma wiki na nyanya zake getini, pale anapouzia.

"Kapkatet kwa nani?"

"Kwa nyanya wa yule bibi arusi."

"Unamjua?"

"Alinicheka Jumamosi."

"Mtu anakucheka, halafu unapanda gari unamfuata." Akapangusa nyanya moja kwa kanga yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mama ana kumbukumbu zake za ghasia za miaka ya uchaguzi, majirani walipofukuzana, ambazo hamwelezi mtu. Huwa anafunga tu mdomo na kufanya kazi. "Urudi jua likiwa juu," akasema mwishoni.

Jumanne ile ya kwanza sikuona somo lolote mpaka saa tano. Nilimkuta kogo zizini, akaniambia niweke chombo changu ndani, nikate majani ya ng'ombe. Nikakata. Akaniambia nichote maji. Nikachota. Kila nilichofanya alikitaja kwa Kipsigis, akanitaka nikitaje, kisha akanirudisha nyuma palepale nilipoteleza. Aliniambia lugha haikai kwenye kiti ikakungoja, iko kwenye ndoo na kwenye kamba. Halafu akanituma kwa jirani peke yangu kuomba ungo, na akanikataza kutumia hata neno moja la Kiswahili. Nilikwenda nikajieleza. Nikarudi bila ungo, nimefuatana na jirani mwenyewe ambaye alikuja mbio kuona ni nani mgonjwa.

Kogo alicheka mpaka akashika nguzo ya boma.

Tulipokaa hatimaye kunywa chai, alikitazama kile kifuko cheusi pembeni ya kochi. "Fungua."

Nikalitoa gitaa. Nilidhani anataka nimwimbie. Lakini alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto, nikampa.

"Kaka yangu alikuwa na moja," akasema. "Alitoka nayo kazini, mbali. Akaitundika kwa ukuta. Sisi wasichana tuliambiwa tusiguse. Mimi ndiye nilikuwa napanguza vumbi, na siku moja nikavuta kamba moja, moja tu, nisikie." Akauvuta ule uzi mnene wa juu, ukalia chumbani. "Nilichapwa. Kaka akakufa, mchwa wakaikula. Sasa wewe nikufundishe kusema, na wewe unifundishe hii. Ama mimi ni mzee?"

Nilimwambia si mzee. Nilikuwa nasema uongo kidogo, na wote wawili tulijua.

Basi ndivyo Jumanne zetu zilivyoanza. Nilikuwa nikifika asubuhi kwa gari la abiria kupitia Litein, nakata majani, nasema maneno ya zizi na ya jikoni na ya mvua, kisha baada ya chai tunageuza viti naye anakuwa mwanafunzi. Sijawahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Wengi niliowafundisha huacha wiki ya kwanza kwa sababu nyuzi zinakata ncha za vidole. Vidole vya kogo vilikuwa vimechuma chai na kukama ng'ombe tangu ujana, ngozi yake ngumu kama ya kisigino. Hakuhisi chochote. Tatizo lake lilikuwa subira. Nilipomwambia kwamba vidole vitatu vikikaa pamoja hivi sauti yake inaitwa kodi, akasema, "Kodi nalipia serikali. Hii tuite jina lingine." Tukaziita kwa majina ya ng'ombe wake watatu, na mpaka leo nikiwa jukwaani mwenzangu akiniuliza tunaanzia wapi, wakati mwingine jina la ng'ombe hunitoka.

Nilikuwa na gitaa la zamani nisilolitumia tena kazini, nikamwachia. Alilifunika blanketi mchana na usiku kwa sababu ya baridi. Mwanawe wa kwanza, mwalimu anayeishi boma la pili, alikuja siku moja akatukuta tumepakata kila mtu gitaa lake.

"Mama," akasema kwa upole, "watu watasema."

"Waseme," kogo akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye vidole vyake. "Nimewasikia wakisema tangu nizaliwe. Sasa wanisikie na mimi."

Mwalimu alinitazama, nikatazama sakafu. Alikaa akanywa chai yake, na alipoondoka alikuwa akipiga mluzi wimbo tuliokuwa tukiufanyia mazoezi.

Upande wangu mambo yalikuwa yakibadilika polepole, kwa namna ambayo sikuitambua mpaka wengine waliponiambia. Kwenye harusi moja karibu na Sotik, mzee mmoja alinifuata mpaka garini kuniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipomwambia kwamba mimi si Mkipsigis alidhani namtania. Mwenzangu wa kinanda naye alisema kwamba sasa naimba taratibu zaidi, kama mtu anayejua anachosema. Ilikuwa kweli. Zamani nilikuwa nayarusha maneno haraka ili makosa yapite. Sasa niliyaacha yakae. Nilianza kutunga tena, na safari hii kila ubeti ulipita kwa kogo kwanza. Nyingi zilirudi zimekatwa. "Hii hakuna mtu anasema," alikuwa akiniambia. "Hii ni ya radio." Au, "Hii ni mzuri. Usiiguse."

Mwezi wa pili wa masomo yetu kogo akaniuliza, "Mama yako anajua unakuja wapi?"

"Anajua."

"Na anasema nini?"

"Anasema nirudi jua likiwa juu."

Nilipokuwa nikiondoka kogo alinipa kibuyu cha mursik, kimefungwa vizuri kwa kitambaa, akaniambia nikipeleke nyumbani. Mama alikitazama kibuyu kile kikiwa juu ya meza kana kwamba kitazungumza. Alikuwa ameishi miongoni mwa Wakipsigis maisha yake yote ya utu uzima, na maziwa yao hajawahi kuyaonja. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akakunja uso. "Kuna majivu ndani," akasema. Nikamweleza kwamba ni makaa ya mti fulani, ndiyo yanayoyatunza. Akaonja tena ili alaumu vizuri. Kesho yake kibuyu kilikuwa kitupu, kimesuguliwa, na kando yake mkungu wa ndizi za kwetu Kisii. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu," akasema.

Ndizi zikaenda. Kikarudi kibuyu kingine. Wanawake wawili ambao hawajaonana walikuwa wakizungumza juu ya mgongo wangu, nami nikawa kama punda wao. Mpaka Jumanne moja asubuhi, nikivaa viatu, nikamkuta mama amesimama mlangoni na koti lake la kanisani.

"Sukuma wiki zitajiuza?" nikamuuliza.

"Jirani ataangalia. Twende."

Kogo alipomwona alisimama, kitu ambacho magoti yake hayakumruhusu kwa kila mtu, wakashikana mikono kwa muda mrefu wakisalimiana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wake. Tukanywa chai. Mazungumzo yalikuwa ya adabu na ya kuchosha: mvua, bei ya unga, magoti. Halafu tukatoka nje, na mama akaiona ile chai ya kogo ikiteremka bondeni, akaacha kusikiliza.

"Nani anakuchumia?" akauliza.

"Mimi zamani. Sasa ni kijana yangu, yule mwalimu, na mama mmoja wa hapo."

"Wanachuma vibaya."

Nilitamani ardhi inimeze. Kogo alimgeukia taratibu.

"Wanaruka," mama akaendelea, amekwisha kuingia kati ya michai na gauni lake zuri. "Ona hapa kumeinuka, hapa kumebonyea. Chai inataka iwe sawa juu kama meza. Na hii imekomaa, mngeichuma wiki iliyopita." Mikono yake ilikuwa imeanza kazi yenyewe, yote miwili kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akitupa nyuma ya bega ambako hapakuwa na kikapu. Alikuwa hajagusa mchai tangu siku aliyorudisha funguo za nyumba ya laini. Majani yalianguka chini nyuma yake.

Kogo alilitazama lile jambo, kisha akaita kwa sauti kubwa kikapu kiletwe. Kikaletwa. Akaingia naye shambani, magoti na yote, mstari wa pili, wakaanza kuchuma.

Niliwafuata nyuma nikikusanya yale yaliyomwagika, kwa hiyo nilisikia.

"Mwaka ule," kogo akasema baada ya muda, "ulikuwa wapi?"

Mama hakuuliza mwaka gani. "Ndani ya chai. Siku mbili. Na huyu mgongoni, mdogo."

Mikono yao haikusimama. Nilikuwa sijawahi kuambiwa hilo. Nilijua kulikuwa na kitu, lakini sikujua kwamba na mimi nilikuwemo.

"Mimi nilikuwa hapa," kogo akasema. "Nilisikia mambo. Sikutoka." Wakachuma hatua kadhaa. "Ilifaa nitoke."

Mama alichuma mpaka mwisho wa mstari. Akageuka, akakitazama kikapu cha kogo, akasema, "Wewe unajua kuchuma. Ni kijana yako ndiye hajui." Na kogo akacheka, mama naye akacheka, nami nikainama kukusanya majani hata pale yasipokuwepo.

Siku hiyo hapakuwa na somo, kwa sababu majani yale mabichi yalipaswa kufika senta kabla lori la kiwanda halijapita. Tulibeba gunia zamu kwa zamu. Kogo aliamuru gitaa lake libebwe pia, akisema nyumba haina mtu na hajui nani anaweza kuligusa. Senta ni banda la mabati kando ya barabara, lenye mizani na ubao wa kuchambulia majani, na tulipofika palikuwa na watu kama ishirini wanasubiri. Mvua ikaanza. Karani akapokea simu, akatutangazia kwamba lori limekwama kwenye matope kilima cha chini.

Ukikaa na majani yako ukilisubiri lori lisilokuja, huna la kufanya ila kuwatazama wenzako. Mama mmoja akakiona kifuko. "Na hiyo kitaa ni ya nani?"

"Ni yangu," kogo akasema.

Walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akalitoa, akaliweka pajani, akanitazama mara moja tu ili nijue kwamba sitakiwi kusaidia. Akaanza, akakosea pale pa kubadilisha kutoka ng'ombe wa kwanza kwenda wa pili, akasema neno ambalo mwalimu wa kwaya hapaswi kulisema, akaanza upya.

Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga akiwa bibi arusi, alipoletwa Kapkatet kutoka upande wa Bomet kwa miguu, na unaeleza jinsi alivyogeuka kuutazama mlima wa kwao kila walipopumzika, mpaka kona moja ikauficha. Hakuwa amewahi kuuimba mbele ya watu, ila kwangu tu siku zetu za mazoezi. Sauti yake ilikuwa imekauka lakini haikutoka nje ya njia hata kidogo, na mvua juu ya mabati iliipigia mdundo ambao hakuna ngoma yetu imewahi kuupata. Nilipoona imefika kwenye kiitikio nikaingia chini yake, sauti ya pili, maneno yakinitoka bila kuyafikiria. Wale akina mama wakaitikia. Karani akaweka kalamu chini. Mama yangu, ambaye hakuelewa maneno, aliuliza jirani yake kitu, akajibiwa kwa sikio, akatikisa kichwa kwa muda, na mwishoni akapiga kigelegele kirefu cha Kikisii ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi ya mwisho ya binamu zetu.

Waliutaka tena. Aliuimba mara nne. Lori lilipofika tope mpaka kwenye vioo, hakuna aliyelilalamikia.

Mtu alikuwa amepiga video, kama kawaida, na ikasambaa. Simu zilianza kuja kwangu zikiulizia yule nyanya wa gitaa, kama anaweza kuja kwenye sherehe hii au mkutano ule. Nilimpelekea kila ombi na kila moja alilikataa. "Mimi si hema ya kukodisha," alisema. Hata kwenye harusi ya mjukuu wake, miezi kadhaa baadaye, aliketi na wageni wengine akala vizuri, na alichofanya tu ni kuniongoza kwa fimbo kutoka kitini pake nilipokuwa nikiimba, akinionyesha nipunguze mwendo. Nikapunguza.

Alichokubali ni kurekodiwa, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Niliutoa ule wimbo pamoja na nyimbo zangu tano mpya, tatu za Kiswahili na mbili za Kipsigis, na kituo kimoja cha redio cha hapa kikaucheza asubuhi moja akiwa anakama. Nilimpigia kumuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema. "Wamekata mwisho."

Sijawa tajiri wala sijaitwa Nairobi. Mkahawa wangu wa Jumapili bado upo, na mwenye nyama bado ananiomba wimbo uleule kila wiki kana kwamba ameufikiria siku hiyo. Lakini nina kazi zaidi kuliko nilivyokuwa nayo, nyingi za upande wa Bomet, na ninapoamka Jumanne mama huwa ameshavaa. Yeye na kogo huingia shambani na mimi hubaki kibarazani nikitunga. Wanagombana sana. Wiki iliyopita waligombania iwapo mchai wa zamani ukatwe mwaka huu au mwakani, na nilisikia mama akitumia neno la Kipsigis ambalo mimi sikulijua.

Juzi walinipigia watu wa Ndanai. Wafugaji wa huko wamenunua mtambo wa kupoza maziwa na wanataka siku ya kuuzindua iwe na muziki. Aliyenipigia aliniuliza kama nina wimbo wowote kuhusu maziwa baridi. Nikamwambia ninao, nikakata simu, nikaanza kuutunga.